Dhahabu Iko Chini, Karatasi Iko Masjala

Wewe uliyeko Dar es Salaam ukisikia mtu anataja Kahama, Kakola au Geita, najua akili yako inakimbilia wapi. Unaona dhahabu. Unaona vijana wenye minyororo shingoni wanaagiza kreti nzima ya bia kwa mpigo. Sikulaumu, hata sisi wenyewe wa Shinyanga tunapenda kujitangaza hivyo. Lakini siku moja panda basi la asubuhi kutoka Shinyanga mjini kwenda Kahama, halafu badala ya kuchungulia dirishani, tazama mapajani mwa abiria wenzako. Utahesabu bahasha za kaki mpaka uchoke. Nyingine zimeviringishwa ndani ya khanga, nyingine zimekunjwa mara nne zikatiwa mfuko wa shati. Humo ndani hakuna dhahabu hata chembe. Kuna samansi, risiti na nakala za hukumu, na mara nyingi kuna barua ya kuomba nakala ambayo haijajibiwa.

Ukanda huu wa dhahabu ni ukanda wa kesi, bwana. Na kesi zenyewe si za kugombania kuku. Duara moja tu, shimo ambalo ukilitazama unaona giza, linaweza kuwa na wenyewe wanne: mwenye shamba, mwenye leseni, mwenye fedha za kugharamia matimba na chakula, na wana-apolo wanaoshuka chini kila siku. Mawe yakianza kutoa, kila mmoja anakumbuka makubaliano kwa namna yake. Hapo ndipo mahakama inapoingia, na karatasi inakuwa na thamani kuliko mfuko wa mawe.

Mimi nilizunguka huku kwa wiki nzima nikiwa na swali moja tu. Mtu wa kawaida, asiye na wakili, akitaka kuona kilichoandikwa kwenye kesi yake, au kwenye kesi iliyoamua mambo ya kijiji chake, anakionea wapi?

Nilianzia pale pale Shinyanga. Mji wetu wauona ulivyo, mawe makubwa yamepangwa kama vile kuna mtu alitaka kujenga akaghairi, jua kali, na akina mama wanauza michembe na karanga kando ya barabara. Siku hizi tuna masjala ya Mahakama Kuu hapa hapa. Wazee wanajua hilo maana yake nini, kwa sababu zamani mtu wa Shinyanga jaji wake alikuwa Tabora. Ukishindwa kesi unafunga mzigo, unapanda basi, unalala Nzega ukikosa gari, unafika Tabora unaambiwa jalada lako halijaja.

Kitu cha kwanza ukifika kwenye jengo lolote la mahakama ni ubao wa matangazo. Watu wanaupita kama wanavyopita tangazo la dawa ya mende. Usiupite. Pale hubandikwa orodha ya mashauri ya siku au ya wiki: namba ya kesi, nani dhidi ya nani, mbele ya nani, saa ngapi. Hiyo haihitaji barua wala haihitaji kumjua mtu. Na kesi nyingi husikilizwa wazi, unaingia, unakaa kimya, simu umeizima, unasikiliza. Nilimkuta kijana mmoja amesimama mlangoni nusu saa nzima anaogopa kuingia, anadhani lazima awe na samansi. Nikamwambia ingia ndugu yangu, hapo si kwa mkuu wa shule.

Ugumu unaanza ukitoka ukumbini ukaenda dirisha la masjala.

Kutoka Shinyanga unapita Tinde, unaikamata lami ya Kahama. Kahama imekuwa manispaa sasa na inajua kujitanua, maghorofa yanaota kama uyoga. Kwa habari za mahakama mji huu uliwahi kusikika dunia nzima. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilifanya kikao hapa na kuwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ulemavu wa ngozi kutoka Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya kifo nchini kwa mauaji ya namna hiyo. Redio za Ulaya zikatangaza. Bukombe yenyewe wakati huo ilikuwa Shinyanga, na mwaka 2012 ikahamia mkoa mpya wa Geita. Angalia hapo mambo yanavyochanganya: mtu wa Bukombe leo akitafuta habari za kesi ile aanzie Geita kwa kuwa ndiko mkoa wake, au huku ambako kesi ilisikilizwa? Mipaka ya mikoa inahama kwa tangazo la siku moja, majalada hayahami hivyo.

Nina jamaa yangu huku, mama mdogo wangu, na ndiye aliyenifanya niijue masjala kwa undani. Mumewe alikuwa mchimbaji wa siku nyingi, mtu wa duara kwelikweli. Alipofariki, Mahakama moja ya Mwanzo kandokando ya barabara hii (jina lake nalihifadhi) ilimteua kaka wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi. Hakuna aliyepinga. Shemeji ni mtu wa watu, anaongea taratibu, msibani alilia kuliko wote.

Sasa sheria za mirathi za Mahakama ya Mwanzo ziko wazi. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne aijazie mahakama Fomu Namba 5, aorodheshe mali yote ya marehemu na madeni yake. Baadaye anajaza Namba 6, hesabu ya alivyogawa. Fomu hizo zinakaa ndani ya jalada. Kwa hiyo mjane akitaka kujua shemeji kaandika nini, hana haja ya kwenda kugombana sebuleni kwake. Jibu limo kwenye jalada.

Mama mdogo alikwenda. Karani akamwambia, "Mama, jalada halionekani, njoo Alhamisi." Alhamisi akaambiwa karani mwenye funguo yuko semina. Akaja tena, akaambiwa aandike barua. Akaandika barua, kwa mkono wa mtoto wa jirani wa kidato cha pili, akaambiwa barua haina namba ya shauri. "Mwanangu," akaniambia, "namba ya shauri iko ndani ya jalada, na jalada silioni. Nitaipataje?" Hapo sikuwa na la kusema.

Safari ya nne nikaenda naye. Sijui ni kwa sababu nilivaa shati lenye kola au ni bahati, lakini siku hiyo karani alikuwa mwingine, binti mpole, akamwamkia, "Shikamoo mama." Akauliza jina la marehemu na mwaka. Akafungua rejesta kubwa, akaburuta kidole chini taratibu, akasimama. Dakika ishirini baadaye jalada lilikuwa juu ya meza. Halikuwa limepotea. Lilikuwa limewekwa pamoja na majalada yaliyofungwa, kana kwamba mirathi imekwisha.

Fomu Namba 5 ilikuwemo. Imejazwa kwa mwandiko mzuri sana. Nyumba moja ya matofali, vyumba vitatu. Baiskeli mbili. Ng'ombe wanne. Madeni hakuna. Basi. Sehemu ya marehemu kwenye duara haimo. Karasha ambayo kila mtu kijijini anajua aliinunua kwa fedha zake mwenyewe, na ambayo mpaka leo inasaga mawe usiku na mchana, haimo. Mama mdogo hajui kusoma vizuri, nikamsomea mara mbili. Hakulia wala hakulaani. Aliuliza tu, "Hayo maneno yana mhuri?" Nikamwambia ndiyo mama, yana mhuri. Akasema, "Haya, nipe na mimi karatasi yenye mhuri huo huo."

Tukapewa namba ya malipo, wenyewe wanaita kontroo namba, tukalipia nakala kwa simu. Nikaona ajabu jinsi jambo lilivyo jepesi likitaka kuwa jepesi. Kwa nakala ile mama mdogo akaandika pingamizi, na hakimu akamwita msimamizi aje aeleze habari za karasha. Shauri linaendelea, kwa hiyo sisemi zaidi. Lakini fikiria, bila ile karatasi angekwenda mbele ya hakimu kusema nini? "Nasikia"?

Nje ya mahakama hiyo hiyo kuna mama anauza chai na maandazi, na benchi lake ni shule ya sheria. Pale nilimkuta mzee aliyeshindwa kesi ya madai ya ng'ombe, amekaa miezi mitatu akisubiri nakala ya hukumu ili akate rufaa. Nilitamani nisimwambie. Rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya muda wake ni siku 30. Na mahakama za juu zimeshaamua zaidi ya mara moja kwamba rufaa ya aina hiyo haihitaji kuambatishwa nakala ya hukumu, hivyo kusema "nilikuwa nasubiri nakala" si sababu ya kutosha ya kuchelewa. Ukitoka kwenye kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya mambo ni tofauti, kule nakala inahitajika na siku za kuisubiri hazihesabiwi. Ukienda mpaka Mahakama ya Rufani ni tofauti tena: unatakiwa uwe umeiomba nakala kwa barua ndani ya siku 30 na barua hiyo umempa na mpinzani wako, ndipo msajili akuandikie hati kwamba ulicheleweshwa. Nani amemwambia mzee wa ng'ombe mambo hayo? Alichoambiwa ni "subiri". Akasubiri kama mtu mwenye adabu. Anaweza bado kuomba kuongezewa muda, nilimwambia hivyo, lakini atatakiwa aeleze kila siku iliyopita ilipita kwa sababu gani.

Kutoka Kahama kwenda Kakola ni kama kilometa 70 hivi, unapita Segese na Bugarama. Nilipanda Noah tuliyobanana kama dagaa, mimi nikiwa nimepakata mtoto wa mtu ambaye alilala fofofo mpaka mwisho wa safari. Kakola ni mji wa bati jipya na vumbi la zamani. Nyumba za wageni kila hatua tatu, maduka ya sululu na mipira ya maji, na kwa mbali unauona mgodi wa Bulyanhulu. Mgodi ulizinduliwa mwaka 2001, leo uko chini ya Barrick, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16.

Kaa kijiweni Kakola, taja neno "tisini na sita", halafu nyamaza usikilize. Nilifanya hivyo. Mzee mmoja akasema mahakama iliwapa ushindi wachimbaji. Mwenzake akasema hapana, kampuni ilishinda, ndiyo maana mgodi upo. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Nikawauliza, kati yenu nani ameiona hiyo hukumu? Kimya.

Kumbukumbu zilizoko ni hizi. Mwaka 1995 kampuni ya Kahama Mining Corporation, iliyokuwa ya Sutton Resources ya Canada, ilikwenda Mahakama Kuu Tabora kuomba wachimbaji wadogo waondolewe Bulyanhulu. Tarehe 29 Septemba 1995 Jaji Mchome akakataa kutoa amri hiyo. Kampuni ikakata rufaa, halafu ikaiacha njiani. Mwishoni mwa Julai 1996 ikatoka amri ya Serikali kwamba wachimbaji waondoke. Wachimbaji nao wakaenda Tabora, na tarehe 2 Agosti wakapata amri ya zuio. Siku chache baadaye mashimo yakaendelea kufukiwa.

Kwa hiyo wale wazee wawili, kila mmoja alikuwa na nusu ya habari. Mahakamani wachimbaji walishinda. Kwenye mashimo walishindwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Wachimbaji na chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, walidai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni wakakana kabisa. Amnesty International wakataka uchunguzi huru. Ofisi ya malalamiko ya taasisi za Benki ya Dunia, ambayo moja ya taasisi zake ilikuwa imeukatia mgodi bima, ilitoa ripoti mwaka 2002 na haikuyathibitisha madai ya vifo. LEAT wakaikataa ripoti hiyo. Katikati ya ugomvi huo, Novemba 2001, polisi walizipekua ofisi za LEAT na kuchukua nyaraka, na baadaye wanasheria wake, akiwemo Tundu Lissu, wakashitakiwa kwa uchochezi. Mimi si jaji, sitaamua hapa kijiweni nani alikuwa mkweli. Ninachokiona ni kwamba ugomvi wote ule ulikuwa ugomvi wa makaratasi: nani anayo, nani anaruhusiwa kuyaonyesha, nani anyang'anywe.

Na ulikuwa ugomvi usio sawa tangu mwanzo. Upande mmoja ulikuwa na mawakili na makabati ya majalada. Upande wa pili maelfu ya watu, na amri yao iko Tabora, imeandikwa kwa Kiingereza. Hata kama mwana-apolo angekuwa nayo mkononi asubuhi ile, angemsomea nani?

Kutoka Kakola unaingia Geita kwa njia ya Bukoli, karibu kilometa 60. Mwendo ni wa kuruka ruka lakini macho yanafaidi, vilima vya kijani, mihogo, na kila baada ya muda sauti ya karasha kutoka porini. Geita yenyewe inaringa, na ina haki ya kuringa. Mgodi wa GGM ulifunguliwa mwaka 2000, mkoa ukazaliwa 2012, na Machi 2019 likafunguliwa soko la madini, la kwanza la aina yake nchini. Bei elekezi ya dhahabu hutangazwa, na mchimbaji kutoka Nyarugusu au Rwamgasa anajua gramu yake ina thamani gani kabla hajaifungua kwenye karatasi. Niliposikia hilo nikacheka peke yangu. Bei ya gramu moja inajulikana wazi, lakini mama mdogo wangu alitembea safari nne kuona ukurasa mmoja wenye mali ya mumewe.

Tusiwanyime haki yao wakubwa wa Mahakama, wamefanya jambo. Kuna tovuti yao inaitwa TanzLII. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinawekwa humo, na huilipi hata senti. Unaandika jina la mdaawa au neno kama "mgodi", zinamwagika. Za miaka ya karibuni zimejaa, za zamani si zote. Geita nayo sasa ina masjala ndogo ya Mahakama Kuu, wakati zamani watu wa huku walikuwa wakiivukia ghuba kwenda Mwanza. Na Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na sheria.

Ila ukifungua hukumu hizo nyingi bado ni Kiingereza, tena kile cha kuvaa tai. Na hukumu za Mahakama za Mwanzo, ambako kesi za watu wa chini zinaanzia na mara nyingi zinaishia, humo huzikuti. Hivyo kesi iliyofika juu inasomeka mpaka New York, na kesi ya mama mdogo inasomeka kwa karani mwenye funguo, akiwa hayuko semina.

Jioni yangu ya mwisho Geita nilipelekwa kwenye kibanda kimoja karibu na stendi. Kijana ana simu mbili, mashine ya kuchapa na kiti cha plastiki kwa mteja. Biashara yake ni picha za pasipoti na kuchapa barua, lakini vijana wa maduarani wamemgeuza karani wao. Wanamletea jina la kesi, anaitafuta TanzLII, anaisoma, anawaeleza kwa Kiswahili. Shilingi elfu mbili kwa hukumu fupi, elfu tano kwa ndefu. Nikamuuliza umesomea sheria? Akasema, "Kaka, nimeishia fomu foo kama wewe, lakini Kiingereza nilikuwa napata B."

Tukiwa pale wakaingia wana-apolo watatu, bado wana udongo masikioni. Kesi yao ya leseni ilikuwa imeamuliwa na Mahakama Kuu wiki kadhaa nyuma na wakili wao hapokei simu. Kijana akaitafuta, ikapatikana, kurasa kumi na saba. Akaanza ukurasa wa kwanza, majina, tarehe, sheria gani imetajwa. Mkubwa wao akamvumilia kidogo, halafu akainama juu ya ile simu.

"Mdogo wangu, hayo mengine tutakuja kuyasikiliza. Nenda pale penye jina langu, unisomee taratibu."

Kijana akapandisha kioo kwa kidole, akapita ukurasa wa kumi, wa kumi na mbili, wa kumi na tano, wote watatu wamelala begani kwake.